Kiti cha Pili cha Kinyozi Golgotha

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa jina zuri, halina kosa lolote, ila lilikufa kwa kukosa kutumiwa. Mtaa mzima ulimwita Golgotha, naye aliitika bila kununa, maana jina hilo alijitafutia mwenyewe.

Alikuwa kinyozi. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na fundi viatu, na mlangoni lilining'inia pazia la shanga lililokuwa likichakarika kwa kila anayeingia, hata paka. Ndani mlikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili vya kuzunguka, benchi la kungojea, na rafu. Kwenye rafu: mashine, wembe, chupa ya spiriti, brashi, na kopo la poda. Kopo lilikuwa la bati, kubwa, la kujazwa tena na tena, na kwenye ukingo wake wa chini lilikuwa limebonyea. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, Golgotha alilizungusha mpaka ule ubonyeo ukatazama ukutani. Ukimuuliza kwa nini, angekuambia ni usafi.

Habari ya jina ilikuwa hivi. Jumapili moja alikuwa amekaa kanisani kwenye mabenchi ya nyuma, wanakokaa watu wanaompenda Mungu lakini wanataka kuwahi kutoka. Likasomwa lile la msalaba, na msomaji akafika pale panapotajwa mahali paitwapo Golgotha, yaani Fuvu la Kichwa. Kinyozi, aliyekuwa akisinzia kwa adabu, akafumbua macho. Fuvu la kichwa! Mtu ambaye ameshika mafuvu ya wenzake tangu ujana, anayejua nani ana nundu kisogoni na nani utosi wake una bonde, iweje hajawahi kulisikia neno hilo? Mbele yake kilikuwa kipara cha mzee wa kanisa, kinang'aa, jua la dirishani limekipiga upande mmoja. Golgotha akakitazama. Akaona mlima. Akaona watu wadogo wakiupanda, wamebeba kitu. Na hapo ikamwingia, kwa ubaridi ulioanzia miguuni, kwamba mambo yale hayakutokea mbali wala zamani. Yanatokea sasa, chini ya ngozi ile ile anayoipaka spiriti kila wiki.

Tangu siku hiyo Biblia nzima ilihamia kichwani, na mizigo yake yote. Farao akawa ule ubishi wako wa asubuhi. Safina ya Nuhu ikawa fuvu lenyewe, limefungwa juu na chini, limejaa wanyama. Wanafunzi wote wakawa nguvu za akili, kila mmoja na chumba chake, na Yuda akapewa ulimi. Bikira alikuwa moyo ambao hakuna aliyeuambia kwamba jambo haliwezekani. Na Kristo? Kristo, alisema Golgotha huku akipuliza nywele kwenye mashine, ni yule aliyelala humo ndani kwenye mashua, mawimbi yanapiga, nawe unapiga kelele huku na huku kutafuta wa kukuokoa, kumbe abiria unaye.

Wateja walisikiliza. Mtu mwenye wembe shingoni habishi.

Aliyethubutu kubisha alikuwa mchungaji mwenyewe, tena akiwa amefungwa shuka la kunyolea hadi kidevuni kama mtoto anayelishwa.

"Kwa hiyo Lazaro naye yumo?" aliuliza.

"Lazaro ni lile unalolijua na umelizika. Linanuka, ila halijafa."

"Haya. Na Ibrahimu na mwanawe?"

"Hiyo rahisi, Mchungaji. Ibrahimu ni wewe. Isaka ni wazo lako unalolipenda kuliko mengine yote. Unaambiwa ulipandishe mlimani, ulifunge kamba, ulichinje."

"Na kondoo dume?"

"Kondoo atakuja tu. Huwa anakuja. Inamisha kichwa."

Mchungaji aliinamisha kichwa, akacheka ndani ya shuka. "Mimi sikukatalii, Golgotha. Hata mimi nahubiri hivyo hivyo nikiwa sijaandaa kitu. Ila nieleze jambo moja. Kama kila mtu yumo humo ndani, nani atakuja kubisha hodi kutoka nje?"

Golgotha alimmwagia spiriti ya kutosha kisogoni mpaka mtumishi wa Mungu akataja shetani.

Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Lakini hakuna mtu anayehamishia Biblia nzima kichwani kwa sababu ya kipara cha mzee wa kanisa. Lazima ndani kuwe kumebaki nafasi kubwa, na ya kinyozi huyu ilibaki wazi siku mwanawe alipoondoka.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na mtaa ulimwita Mluzi kwa sababu alipiga mluzi kuanzia anapoamka. Ulikuwa wimbo mmoja tu, alioutunga mwenyewe utotoni, na hakuwahi kuumaliza. Ukifika mahali fulani, juu kabisa, pumzi ilimwishia, akacheka, akaanza upya. Alipokua, babake alimpa kiti cha pili. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa baba, na wateja walianza kusema hivyo, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa kukaa kwenye benchi wakingoja kiti cha pili wakati cha kwanza kiko tupu.

Kisha ikafika ile adhuhuri. Benchi limejaa. Mluzi ana mtu kitini, nusu ya kichwa imekwisha. Akaweka mashine chini, akasema bila hasira, kama mtu anayesema mvua inanyesha, "Baba, mimi kazi hii siitaki. Siwezi kushika vichwa vya watu mpaka nife."

Mbele ya watu. Golgotha, ambaye wakati huo alikuwa bado na jina lake la kwanza, alinyoosha mkono akashika kilichokuwa karibu. Kopo lilikuwa limejaa. Lilimpata kijana juu ya sikio la kushoto, kwa ukingo, kifuniko kikafunguka, na chumba chote kikawa cheupe. Watu walikohoa. Poda ilipoanza kutua walimwona Mluzi amesimama mlangoni, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, mstari mmoja mwekundu unashuka shavuni. Alitoka, akaenda na barabara kwenye jua kali, na waliokuwa nje wanasema ilikuwa kama kumwona marehemu akielekea stendi.

Hakurudi.

Babake aliomba kwa miaka. Aliomba kwa sauti, kwa kimya, kwa kufunga, kwa kujumuika na wengine. Mbingu zilinyamaza kama ofisi ya serikali wakati wa chakula. Ndipo likaja lile la Fuvu la Kichwa, na pamoja nalo njia. Si imeandikwa kwamba ukiomba, uamini umekwisha kupokea? Basi Golgotha aliamua kupokea. Kila alasiri, wateja wakipungua, alikaa kwenye kiti cha kwanza, akafumba macho, akairudia ile adhuhuri na kuinyoosha kama shati. Benchi limejaa. Mluzi anaweka mashine chini. "Baba, mimi kazi hii siitaki." Na baba, badala ya kunyoosha mkono, anasema kwa upole, "Sawa, mwanangu. Maliza huyu kwanza." Benchi zima linacheka. Kopo liko kwenye rafu, halijaguswa. Mluzi anamaliza kichwa, anakung'uta shuka, na jioni wanarudi nyumbani pamoja.

Mwanzoni ilikuwa picha tu, tena yenye ukungu. Alirudia. Akaongeza harufu ya spiriti. Akaongeza joto la mashine, kisha mluzi. Kila mara alimaliza kwa kuweka kiganja juu ya kichwa cha mwanawe, upande wa kushoto, juu ya sikio, na kukuta ngozi laini, haina alama. Alasiri moja alifumbua macho, na mluzi haukukoma.

Ulikuwa unatoka kwenye kiti cha pili. Taratibu, wimbo ule ule, ukipanda mpaka pale pa juu, ukikatika.

Mtu mwingine angekimbia akaacha ndala. Golgotha alilia kwa furaha, akainuka, akafuta kiti kwa kitambaa kibichi, akasema, "Karibu nyumbani."

Tangu hapo kiti cha pili hakikukaliwa. Kila asubuhi alikitandikia shuka safi. Mteja mgeni akielekea kukaa, aliambiwa kwa heshima, "Samahani, kiti hicho kina mtu." Mgeni alitazama kiti, alitazama kinyozi, alitazama benchi ambako watu walikuwa ghafla wamevutiwa na kucha zao, na akaenda kungojea. Mtaa ulizoea. Walisema mzee fyuzi moja imeungua, lakini mkono bado unajua kunyoa, na hiyo ndiyo waliyoijia.

Aliyepiga domo kuliko wote ni fundi bomba, jirani wa nyumba ya pili, mtu mwenye kichwa kikubwa cha kunyolewa kwa awamu. "Golgotha, mwanao hajambo?" aliuliza kila akiingia, akikipigia saluti kiti kitupu. "Mwambie ananidai salamu." Halafu siku moja aliitwa kutengeneza bomba la kuoshea brashi, akawa peke yake chumbani, Golgotha ameenda kununua wembe. Kinyozi aliporudi alikuta maji yanamwagika, spana iko sakafuni, fundi amesimama ng'ambo ya barabara amekumbatia nguzo ya umeme. Fundi alisema alipatwa na joto. Lakini tangu siku hiyo hakukipigia kiti saluti. Alikuwa akipita mbali nacho, kwa ubavu, kama unavyompita mbwa aliyelala.

Na kweli kulikuwa na mambo. Ngozi ya kiti, asubuhi, ilikuwa imebonyea kama mtu ameinuka sasa hivi. Shuka lilikutwa na vumbi jeupe, jembamba, ambalo Golgotha alilikung'uta nje bila kulitazama. Mara nyingine kiti kilizunguka, polepole, hakuna upepo, kikasimama kimeelekea kioo. Golgotha alitazama kioo hicho na kuzungumza na mwanawe juu ya mpira, juu ya bei ya wembe, juu ya mama yake.

Mama yake. Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Mama Mluzi alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke asiye na subira na kitu kilichopinda, naye tangu mwanawe aondoke alikuwa akiuliza kila dereva, kila mchuuzi, kila anayetoka mbali. Mumewe alikuwa ameacha kuuliza. Utamtafutaje mtu aliye kazini kwako?

Mwaka uliopita fundi bomba alikwenda kufanya kazi mji wa pili, jengo la ghorofa, na akarudi na macho yametoka. Aliingia kwa kinyozi akaketi, akafungwa shuka, akameza mate.

"Golgotha, bila utani leo. Nimemwona mwanao. Anachanganya zege pale. Nimemwita, akageuka."

"Umemfananisha," alisema Golgotha, akiwasha mashine.

"Nimeongea naye!"

"Watu wanafanana. Mwanangu yuko hapa."

Fundi alitupa jicho kwenye kiti cha pili, akakaza magoti. Hakungoja kukaushwa. Alikwenda na povu masikioni mpaka kwa Mama Mluzi, na mama yule alizima cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata nyumba ya jirani ilipoungua. Alipanda basi siku hiyo hiyo.

Aliporudi, alikuwa mtu mwingine, uso umelainika, macho yamevimba. Alimkuta mumewe sebuleni anakula. Aliketi mbele yake.

"Baba Mluzi, nimemwona. Amenipikia chai. Anaishi chumba kimoja na wenzake, amekonda, jino la mbele limetoka, lakini ni yeye. Atakuja Jumamosi."

Golgotha alitafuna.

"Ana sharti moja tu. Ukimtimizia, anakaa. Asipolipata, anarudi alikotoka, na ameniapia hatutamwona tena, na yule mtoto ni wako, akiapa ameapa. Anataka useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba lilirushwa. Kopo. Amesema, sitaki aombe radhi, sitaki apige magoti. Aseme tu kwamba lilirushwa na yeye ndiye aliyerusha. Asiniambie habari za ndani na za rohoni."

Golgotha aliweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na huo utulivu ndio uliomtisha mkewe kuliko hasira zote alizowahi kuziona.

"Mama Mluzi," alisema, "hakuna kopo lililorushwa."

"Mimi ndiye niliyeifagia ile poda! Kwa mikono hii! Wiki nzima napiga chafya!"

"Liko kwenye rafu. Nenda ukatazame."

Alisema kweli, na hilo ndilo la ajabu. Hakuwa anadanganya. Ameinyoosha ile adhuhuri mara nyingi mno mpaka ile iliyopinda imefutika, na mahali pake pamebaki kama ukuta uliopakwa rangi mpya: unajua palikuwa na doa, hujui lilikuwa wapi.

Jumamosi asubuhi alifungua kama kawaida. Alizungusha kopo. Alitandika shuka. Mluzi ulikuwa mkubwa siku hiyo, hautulii, unaanza kabla ya kwisha. Fundi bomba alikuwa kwenye kiti cha kwanza, kwa sababu kichwa kilikuwa kimefika hali ya aibu na kwa sababu hakutaka kuhadithiwa yatakayotokea. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha pazia la shanga lilipochakarika.

Mama aliingia kwanza. Nyuma yake akaingia mwanamume mpana wa mabega, mikono imepasuka kwa saruji, nywele zimetimka. Aliinama kidogo mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kutosha.

"Shikamoo, baba."

Mashine ilikuwa inanguruma. Golgotha hakuitika. Shikamoo ile ilibaki hewani, imening'inia kama koti la mtu asiyejulikana.

Yule mwanamume aliangaza chumba, akaona kile alichokijua, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha pili, akakaa.

Mluzi ukakatika.

"Kiti hicho kina mtu," alisema Golgotha.

"Baba Mluzi!" mkewe alifoka. "Huyu ndiye mtu!"

"Mimi nazungumza na mteja, mke wangu. Bwana, nakuomba usogee kwenye benchi."

"Mimi hata sipumui," alisema fundi bomba ndani ya shuka. "Mimi simo."

Mwanamume hakusogea. Alijivuta nyuma kitini, kiti kikatoa sauti ambayo kilikuwa hakijaitoa miaka mingi, sauti ya kubeba uzito. "Ninyoe basi, mzee," alisema. "Nimesafiri. Uninyoe, halafu nitaondoka au nitakaa, utakavyotaka mwenyewe."

Kumnyima mtu kunyolewa, Golgotha hakuwahi. Alimwacha fundi na nusu yake, akakung'uta shuka jingine, akamfunga yule mtu shingoni. Kwenye kioo aliona nyuso mbili. Ya mgeni ilikuwa imechoka, ina pengo, macho yanamtazama bila kupepesa. Hakuipenda. Mwanawe hakuwa na uso huo. Mwanawe alibaki vile vile, kijana, mwepesi, meno yote, anaelewa mzaha kabla haujaisha. Huyu alikuwa kama kazi iliyorudishwa na mteja.

Alianza kisogoni. Nywele zilianguka kwa vipande, zina vumbi la kijivu. Mluzi ulianza tena, lakini sasa haukutoka kitini. Ulitoka nyuma ya paji lake mwenyewe, pale ndani, na ulikuwa unasihi. Alipanda utosini. Fuvu lilianza kuonekana, na vidole, ambavyo havikuwahi kusoma kitabu chochote, vilianza kusema. Bonde lile dogo la utosi. Mfupa ule nyuma ya sikio uliorithiwa kwa bibi mzaa baba. Golgotha alivikataza. Akahamia kushoto.

Juu ya sikio, mashine iliruka.

Aliirudisha. Ikaruka. Akaizima. Akaweka kidole gumba. Kovu lilikuwa refu, limekaza, limejikunja kama mshono wa gunia, na lilikuwa na umbo la ukingo wa kitu cha mviringo.

"Umefika?" aliuliza yule mtu, taratibu.

"Nimefika."

"Ni nini hicho?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Alikuwa na majibu ya kujaza kanisa: kwamba jeraha ni la ndani, kwamba ngozi hufuata wazo, kwamba Tomaso naye ni kidole cha akili kinachogusa pasipo na haja. Yote yalipanga foleni mdomoni. Kwenye kioo mkewe alikuwa ameshika mshipi wa mkoba kwa mikono miwili, midomo imekauka.

Na ndani, yule mwingine alikuwa akipiga mluzi. Yule ambaye hajawahi kupigwa. Kichwa laini. Ameongea naye kila siku juu ya mpira na juu ya wembe, amezeeka naye. Golgotha alielewa kwamba neno moja tu analoombwa kulisema ni kisu, na kwamba anayechinjwa si huyu aliyekaa kwenye kiti. Isaka ni wazo lako unalolipenda kuliko mengine yote. Alikuwa amelisema hilo mara ngapi, akipuliza nywele, akicheka?

Alitazama kando, kweli alitazama, kama kuna kondoo dume amenasa pembe mahali. Hapakuwa na kitu ila pazia la shanga.

Alikwenda kwenye rafu. Akashika kopo la poda, akalizungusha. Ubonyeo ukatazama chumba.

"Ni hili," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeongea kutoka chumba cha nyuma. "Lilirushwa. Nililirusha mimi. Lilikuwa limejaa."

Mluzi haukukatika. Ulipanda, ukafika pale pa juu, pale ambapo siku zote pumzi iliishia, ukapita. Kwa mara ya kwanza wimbo ule ulikwenda mpaka mwisho. Ulikuwa mwisho mzuri, mfupi, wa kawaida. Kisha pazia la shanga lilifunguka katikati, likakaa wazi kwa muda unaotosha mtu mmoja kupita, likajifunga.

"Nani huyo ametoka?" aliuliza fundi bomba.

Mama Mluzi alikuwa analia kwa sauti, na mwanawe amefunika macho kwa kona ya shuka la kunyolea. Golgotha alisimama na kopo mkononi. Alitaka kulia yeye pia, lakini utamliliaje mwanao mbele ya mwanao?

"Marahaba," alisema.

"Nini?" alisema Mluzi.

"Umeniamkia ulipoingia. Marahaba."

Hapo Mluzi alicheka, pengo wazi, na kicheko kile Golgotha alikijua, hakikuwa na haja ya kunyooshwa popote.

"Baba," alisema akijipangusa, "nikikaa, hii kazi bado siitaki. Nakwambia mapema."

"Nyie!" alipiga kelele fundi bomba. "Mambo yenu ni mazuri na mimi nimeguswa, lakini nusu ya kichwa changu iko harusini na nusu iko msibani! Nitoke hivi?"

Golgotha alimtazama mwanawe. Maneno yalikuja yenyewe, yamezoea njia. "Sawa, mwanangu," alisema. "Maliza huyu kwanza."

Aliyasikia alipokwisha kuyasema. Mluzi alikuwa tayari ameinuka, shuka bado shingoni, ameshika mashine, anakigeuza kichwa cha fundi kwa vidole viwili, vyepesi kama zamani. Fundi alimuuliza kwa nini hapigi ule wimbo wake. "Pengo," alisema Mluzi. "Upepo unatoka tu." Mama alicheka huku machozi hayajakauka. Ilikuwa karibu kabisa na ile adhuhuri aliyoishona Golgotha kichwani miaka yote, benchi, kicheko, kichwa cha nusu. Aliondoka polepole, akatoka nje, akasimama kwenye jua. Alitazama barabara upande wa stendi. Akatazama upande wa pili.

Fundi viatu aliinua macho kutoka kwenye soli. "Unamtazamia nani, Golgotha? Si mwanao amerudi?"

"Amerudi," alisema. "Kulikuwa na mteja. Ametoka bila kupakwa poda."

Mluzi alikaa. Anafanya kazi ya ujenzi hapa hapa mjini, anakula kwa mama yake, na Jumamosi anakuja kumpumzisha baba mkono. Kiti cha pili kinakaliwa na yeyote. Hata mchungaji amekikalia, akauliza kama Nuhu bado yumo safarini, akajibiwa kwamba leo tuzungumzie ndevu. Kopo liko kwenye rafu, ubonyeo nje. Ila pazia la shanga likichakarika, Golgotha husema "Karibu" kabla hajageuka, kwa sauti laini kupita kiasi, na hungoja kidogo ndipo atazame. Mara nyingi huwa ni mteja.